Maumivu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: umeze nini, uache nini

Kuna dawa za maumivu ambazo kabla ya upasuaji ulikuwa unazimeza bila hata kuwaza, kichwa kikigonga unameza, mgongo ukikaza unameza, jino, hedhi, goti, na maisha yanaendelea. Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito dawa zilezile zinaweza kukuchimbia kidonda tumboni, na kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka kabisa. Shida yake ni kwamba zinapatikana kirahisi mno, watu wanagawiana kama pipi, na ukifika duka la dawa ukasema tu "naomba ya maumivu" kuna uwezekano mkubwa utapewa mojawapo ya hizohizo. Kwa hiyo hapa tunaenda hatua kwa hatua, ujue cha kuchukua ukiwa umesimama kaunta au ukiwa kitandani usiku na maumivu hayakuachii. Daktari aliyekupasua akikwambia tofauti na haya, mfuate yeye, ndo anajua alichokuta na alichoacha ndani.

Hatua ya 1: Jua ulifanyiwa upasuaji gani

Utashangaa watu wangapi wanasema tu "nilifanyiwa ya kupunguza tumbo" basi. Haitoshi, manake ruhusa ya dawa inategemea hapo.

Kwenye baipasi daktari anatengeneza kifuko kidogo, mililita 30 hivi, anakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba, halafu tumbo kubwa la zamani linabaki humohumo ndani lakini chakula hakipiti tena huko. Kwenye slivu anakata na kutoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, kinachobaki ni kimrija chembamba, hakuna kuunga na utumbo. Ipo pia baipasi yenye muungo mmoja tu, ile wanayoiita ndogo, kwa habari ya dawa ihesabu kama baipasi tu. Na upo mkanda, ule unaofungwa kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo ili kulibana, ambao siku hizi haufanywi sana, nao ukiwa nao uliza kabla ya kumeza.

Mwenye baipasi: zile dawa nitakazozitaja hatua ya 3 achana nazo maisha yako yote. Haijalishi upasuaji ulikuwa mwezi uliopita au miaka mingi nyuma, kidonda cha kwenye muungo, pale kifuko kilipoungwa na utumbo, kinaweza kutokea wakati wowote. Mwenye slivu: hatari ipo ila ni ndogo zaidi, timu nyingi zinasema ziepuke ukiweza, na ikilazimu basi siku chache tu pamoja na dawa ya kupunguza asidi, tena kwa kuandikiwa. Usichukue ushauri wa mwenye slivu kama wewe ni wa baipasi, hapo ndo watu wengi wanapotezana, "mbona mimi nameza na sijafa".

Hatua ya 2: Kabla ya dawa, jiulize maumivu yanatoka wapi

Hii watu wanairuka, na mimi naiona ndo kubwa kuliko zote. Baada ya upasuaji kuna maumivu ambayo dawa yake wala siyo dawa ya maumivu.

Siku za mwanzo bega linaweza kuuma hasa, ukashangaa tumbo limepasuliwa bega linauma la nini. Mara nyingi ni ile gesi waliyojaza tumboni wakati wa kupasua kwa matundu madogo, inasumbua neva zilizo karibu na kiwambo cha kupumulia na wewe unaisikia begani. Inaisha yenyewe ndani ya siku chache, kutembeatembea kunasaidia. Kichwa kikiuma wiki za mwanzo, angalia maji kwanza, manake kunywa kidogokidogo siku nzima ni kazi na wengi wanaishia kukauka, halafu kama ulikuwa mtu wa kahawa na umeachishwa ghafla, hicho nacho ni kichwa cha siku kadhaa. Kichwa au kizunguzungu na jasho na kutetemeka saa 1 hadi 3 baada ya kula kitu chenye sukari, hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka, pima kama una kipimo na mwambie daktari. Kifua kinachobana katikati mara tu baada ya kumeza tonge, mara nyingi umekula haraka au hukutafuna, subiri ipite.

Maumivu ya mifupa na misuli yanayokuja taratibu baada ya miezi, omba upimwe vitamini D. Ganzi na kuchomachoma miguuni, omba B12. Na kama umekuwa unatapika sana halafu miguu inaanza kuwa dhaifu, unayumba au macho yanaona mbilimbili, hiyo ni haraka, vitamini B1 inaweza kuwa imeisha mwilini na ukichelewa madhara yake yanaweza kubaki. Hapo unaweza kumeza vidonge vya maumivu mwaka mzima na tatizo likabaki palepale.

Halafu kuna nyongo. Ukipungua haraka mawe ya nyongo yanatengenezeka kirahisi, ndo maana wengine wanaandikiwa dawa ya kuyazuia miezi 6 ya mwanzo. Maumivu ya upande wa kulia juu chini ya mbavu, hasa baada ya mlo wenye mafuta, yanaenda mpaka mgongoni au bega la kulia, usiyafunike kwa vidonge wiki baada ya wiki, kapige picha ya ultrasaundi.

Hatua ya 3: Soma boksi, siyo jina kubwa la mbele

Jina kubwa la mbele ni la biashara, halikusaidii. Geuza boksi, tafuta yale maandishi madogo ya kilichomo. Unachokikwepa ni jamii moja ya dawa, zile za kupunguza maumivu na uvimbe ambazo siyo steroidi: ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni, aspirini, ketoprofeni, indometasini, piroksikamu, meloksikamu, asidi ya mefenami, ketorolaki. Orodha ndefu, najua, kuikariri yote ni kazi, ila kuna njia ya mkato: angalia mwisho wa jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, ukiona limeishia na "-profen", "-fenac" au "-oxicam" rudisha boksi kaunta. Haikamati zote (aspirini na naprokseni zinapita) ila inakamata nyingi.

Sasa kwa nini hizi. Tumbo linajilinda na asidi yake lenyewe kwa ute na damu inayopita vizuri kwenye utando wake, na kazi hiyo inasimamiwa na kemikali za mwili zinaitwa prostaglandini. Hizi dawa zinazima utengenezaji wa prostaglandini, ndo zinavyopunguza maumivu, lakini zinazima na ulinzi wa tumbo humohumo. Kwa mwenye baipasi utumbo mwembamba ulioungwa na kifuko haukuumbwa kukaa na asidi, kwa hiyo ulinzi ukishuka kidogo tu pale kwenye muungo panachubuka. Na lile tumbo la zamani lililofichwa nalo linaweza kupata kidonda, tena lenyewe kamera ya kawaida ya mdomoni haifiki huko, kwa hiyo kulikagua ni shughuli.

Elewa hapo vizuri manake ndo inajibu swali linaloulizwa kila siku: "je nikichomwa sindano badala ya kumeza?" Haikusaidii. Dawa inafanya kazi kupitia damu, iingie kwa mdomo, kwa sindano au kwa kidonge cha kuingiza njia ya haja kubwa, ikishafika kwenye damu inazima ulinzi uleule. Sindano ya diklofenaki inayochomwa haraka haraka ukilalamika mgongo ndo mtego mkubwa zaidi, unakuja umeuma meno kwa maumivu, hata hukuuliza ni nini. Sema kabla hujafunua nguo: "nina baipasi, sichomwi diklofenaki." Wodini baada ya upasuaji wanaweza kukupa ketorolaki siku moja mbili wakiwa wanakuangalia, huo ni uamuzi wao, usiugeuze kuwa ruhusa ya nyumbani. Hata zile mpya zinazosemwa ni laini kwa tumbo, selekoksibu na ndugu zake, hatari inapungua ila haiishi, kwa hiyo nazo ni za kuandikiwa na daktari anayejua umepasuliwa nini.

Zinazojificha sasa. Vidonge vya mseto, unaona parasetamo limeandikwa unafurahi kumbe pembeni kuna diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za mafua za pakiti, nyingine zina ibuprofeni au aspirini ndani. Alka-Seltzer ile ya asili ina aspirini, na watu wanainywa kwa ajili ya tumbo, fikiria. Pepto-Bismol nayo ina jamaa wa aspirini. Hata dawa za mitishamba za viungo, kama hakuna anayeweza kukwambia kilichomo, ziache, kuna zilizokutwa zimechanganywa diklofenaki au steroidi kimyakimya.

Hatua ya 4: Anza na parasetamo, lakini kwa hesabu

Parasetamo ndo ya kwanza kwa karibu kila mtu aliyepasuliwa, haichubui tumbo. Mtu mzima wa kawaida: miligramu 500 hadi 1000 kwa mara moja, achia saa 4 hadi 6 katikati, na ndani ya saa 24 usivuke gramu 4, yaani vidonge 8 vya 500. Hiyo ndo dari, usiifanye lengo. Kama uko chini ya kilo 50, unakula kidogo sana, unatapika, una shida ya ini au unakunywa pombe, dari inashuka, wengi wanaambiwa gramu 2 au 3, muulize wako akupe namba yako.

Kosa la parasetamo ni kuihesabu mara moja huku unaimeza mara tatu. Asubuhi vidonge 2, mchana dawa ya mafua (ina parasetamo), jioni kidonge cha mseto chenye kodeini (kina parasetamo pia), usiku vingine 2. Ini halikwambii siku hiyo. Andika kwenye simu kila unapomeza, saa na miligramu, inachukua sekunde chache.

Na usisubiri maumivu yakutoe machozi ndo umeze. Siku za mwanzo baada ya upasuaji kumeza kwa saa zilizopangwa kunafanya kazi vizuri zaidi kuliko kukimbizana na maumivu yakishapanda, ukiona yanapungua unaongeza nafasi kati ya dozi na dozi halafu unaacha.

Hatua ya 5: Chagua umbo la dawa

Wiki za mwanzo kidonge kikubwa kinaweza kukwama au kukukera, kwa hiyo wengi wanapewa ya maji au wanaambiwa wavunje. Kuvunja ni sawa kwa parasetamo ya kawaida. Usivunje wala kusaga ile iliyotengenezwa kutoa dawa polepole, ukiisaga dozi ya saa nyingi inashuka kwa mkupuo mmoja. Hizo za polepole hata ukiimeza nzima kwa mwenye baipasi huenda isinyonywe inavyotakiwa manake njia imefupishwa, omba ya kawaida.

Ya maji, soma nguvu yake. Kuna chupa ya miligramu 120 kwenye kila mililita 5 na kuna ya 250 kwenye mililita 5 zilezile. Ukitaka miligramu 500 kwenye ya 250 ni mililita 10, kwenye ya 120 unahitaji kama 20, yaani vijiko vinne vya kupimia, na kwa tumbo la siku ya tano vijiko vinne vya kitu kitamu ni vingi. Unaweza kunywa nusu, ukapumzika, ukamalizia. Tumia kijiko au bomba la kupimia lililokuja na chupa, kijiko cha chai cha nyumbani kinadanganya. Uliza isiyo na sukari, ila ujue na zile zisizo na sukari mara nyingi zina sorbitoli, ikizidi inaharisha. Mwenye baipasi anayepata mapigo ya moyo kwenda mbio na tumbo kukoroga baada ya dawa ya maji, aangalie sukari iliyomo kabla hajalaumu parasetamo.

Zile za kuyeyusha zenye povu zinavutia, zinashuka laini, lakini zina kasoro mbili. Gesi, acha povu liishe kabisa kabla ya kunywa. Na chumvi, kidonge kimoja cha parasetamo cha povu kinaweza kuwa na sodiamu ya miligramu 400 na kitu, ukinywa 8 kwa siku umeshapita mbali ile gramu 2 ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asiivuke kwa siku nzima. Mwenye presha aziache.

Hatua ya 6: Fanyia kazi nje ya mwili

Mgongo, shingo, magoti: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo dakika 15 hadi 20, barafu kwa jeraha jipya lililovimba (usiweke moja kwa moja kwenye ngozi), mazoezi ya kunyoosha, fiziotherapia kama ipo. Na vibandiko vya dawa ya ganzi, lidokeini, viko salama kwa tumbo.

Jeli ya diklofenaki ya kupaka ina ubishi wake. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, asilimia chache tu, kwa hiyo madaktari wengine wanairuhusu kwa goti moja au kifundo kwa siku chache. Msimamo wangu: uliza kwanza, paka sehemu ndogo, usifunge plastiki juu yake na usijipake mgongo mzima mara nne kwa siku. Vilevile dawa za kuchua zenye harufu kali ya methili salisilati, jamaa mwingine wa aspirini, eneo dogo tu.

Hatua ya 7: Zile kali, kwa muda mfupi

Tramadoli, kodeini na mofini haziumizi muungo, ndo maana utakuta umeandikiwa za siku chache baada ya upasuaji. Zina mambo yake. Zinafunga choo, na wewe tayari unakunywa maji kidogo na unakula kidogo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, usingoje siku ya nne. Zinalewesha na zinapunguza kupumua, na watu wengi wenye uzito mkubwa wana ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, kama una ile mashine ya kusaidia kupumua unayolala nayo endelea kuivaa. Tramadoli na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo hazipatani, na mwenye kifafa aitaje kabla. Pombe usichanganye kabisa, baada ya baipasi pombe inapanda kichwani haraka na juu zaidi kuliko zamani.

Halafu mwili unazizoea, kuziacha kunakuwa shida. Ukiona maumivu yameisha ila bado unaitafuta ya jioni ili ulale, mwambie daktari mapema, hakuna aibu hapo.

Hatua ya 8: Mambo matatu yanayowakamata watu

Jino. Daktari wa meno kwa mazoea anaandika ibuprofeni au diklofenaki. Mwambie kabla hajashika kalamu, ganzi na parasetamo kwa saa vinabeba mengi.

Hedhi. Asidi ya mefenami ndo kimbilio la wengi, sasa kwako haimo tena. Joto tumboni, parasetamo kuanzia dalili za mwanzo, dawa ya kulegeza misuli ya tumbo kama haiosini. Ikishindikana mwone daktari wa wanawake kuhusu njia za homoni, ila mwenye baipasi amwambie, vidonge vya kumeza vinaweza visinyonywe vizuri, zipo njia zisizo za kumeza.

Gauti. Ni ugonjwa wa viungo, kupungua haraka kunaweza kuuamsha, kidole gumba cha mguu kinavimba usiku hata shuka halivumiliki. Matibabu ya mazoea ni dawa hizihizi tulizokataza. Ipo kolchisini, na steroidi za muda mfupi, ila steroidi nazo kwa tumbo siyo za kuchezea, kwa hiyo hili ni la daktari.

Na aspirini ndogo ya moyo: kama umewekewa stenti (kile kimrija cha kuuweka mshipa wa moyo wazi) au uliwahi kupata kiharusi, usiiache mwenyewe kwa sababu umesoma hapa. Daktari wa moyo na aliyekupasua waongee, mara nyingi unaendelea nayo pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Hiyo ya asidi, omeprazoli na wenzake, wengi wa baipasi wanapewa miezi ya mwanzo hata bila maumivu, imalize. Na sigara, ukivuta huku una baipasi unakichochea kidonda hata kama hujawahi kugusa ibuprofeni.

Hatua ya 9: Acha vidonge, nenda hospitali

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo, hasa likiwa gumu. Wiki za mwanzo: homa, moyo kwenda zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umekaa tu, kuhema, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, hapo wanaangalia kama muungo au mshono unavuja. Miezi au miaka baadaye kwa mwenye baipasi: maumivu ya kukaba yanayokuja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula, na kichefuchefu, utumbo unaweza kuwa umepenya na kujinyonga kwenye uwazi wa ndani, na vipimo vya kawaida vinaweza kutoka safi kabisa. Ukirudishwa nyumbani na parasetamo na maumivu yakarudi, rudi tena, omba umwone daktari wa upasuaji, na useme neno "baipasi" mlangoni.

Kutapika damu au kitu cheusi kama mashapo ya kahawa ni dharura. Choo cheusi kinatatanisha kidogo manake vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wengi wetu tunameza, navyo vinageuza rangi. Cha chuma kinakuwa cheusi kijanikijani na kimeshikana kama kawaida, cha damu kinang'aa, kinanata na kinanuka vibaya tofauti na siku zote. Ukiwa na mashaka, au kikiambatana na kizunguzungu, nenda, wapime damu.